Muhula mmoja wa mifumo ya wakati halisi: uzoefu wangu

Hili somo nililichukua mwaka wa tatu, nikisomea uhandisi wa kompyuta hapa Dar es Salaam. Wadogo zangu wa mwaka wa pili wananiuliza kila mara kama walichague au wakimbilie masomo mepesi, basi naandika yote hapa mara moja. Chagueni. Ila mjue mnaingia wapi.

Somo linahusu kompyuta zisizoonekana kama kompyuta: iliyo ndani ya mita ya LUKU, ndani ya breki za gari, ndani ya pampu inayompa mgonjwa dawa hospitalini. Hizi hazipimwi kwa jibu peke yake, zinapimwa na saa pia. Breki ikipata jibu sahihi gari likiwa limeshagonga, jibu hilo ni kosa. Mhadhiri alituambia hivyo siku ya kwanza, nikanakili kama kitu cha kujibia mtihani. Kulielewa nilikuja kulielewa wiki ya tisa.

Kero kwanza. Tulikuwa wanafunzi themanini na kitu, bodi za maabara kumi na mbili, mbili mbovu. Watu wanane kwenye bodi moja: mmoja anaandika, mmoja anashika waya, sita wanatazama. Ukiwa kwenye wale sita, unamaliza muhula hujawasha hata taa moja. Halafu mtihani wa mwisho tukaandika kodi ya C kwa kalamu, kwenye karatasi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana karatasi haichelewi, na kuchelewa ndiyo somo lenyewe.

Wiki ya tatu bumu lilipoingia nilikwenda Kariakoo nikanunua bodi yangu, Nucleo yenye chipu ya STM32. Sijawahi kuijutia hela ile. Dibaga, yaani kifaa cha kusakia makosa ya programu, iko humo humo kwenye bodi: unachomeka waya wa USB, unaisimamisha programu mstari kwa mstari na kuchungulia kila rejista, vile vijisanduku vya namba ndani ya chipu. Arduino Uno R3 ni nzuri kwa kuanzia, lakini RAM yake ni KB 2 tu. Ukishagawa kazi nne, kila moja na staki yake (kipande chake cha RAM), inakubana.

Mradi wetu ulikuwa kujaza maji kwenye simtanki dogo kwa pampu ya volti 12, tukitumia FreeRTOS, programu inayozipangia kazi zamu kwenye prosesa. Kazi zilikuwa tatu, kila moja na daraja lake: ya daraja la juu ikiamka, ya chini yake inaipisha. Ya juu inapima umeme wa pampu kila milisekunde 20 ili mota ikikwama ikatwe. Ya kati inapima kimo cha maji kwa mwangwi wa sauti kila milisekunde 100. Ya chini inaandika kwenye kioo kila nusu sekunde. Tulipiga hesabu ya Liu na Layland, ile ya mwaka 1973: kwa kazi tatu, jumla ya matumizi ya prosesa isipovuka asilimia 78, kila kazi itawahi. Sisi tulipata 55. Tukafurahi, tukalala.

Kesho yake nikaikwamisha pampu kwa makusudi, na ikachelewa kukatika. Niliazima lojiki analaiza kwa fundi wa maabara, kijidude cha chaneli nane kinachoenea kiganjani, kinachochora kila pini ya chipu inapanda na kushuka lini. Nikaandika kodi ipandishe pini moja kazi ya juu inapoanza na kuishusha inapomaliza. Kwenye skrini nilitarajia meno mafupi ya milisekunde 4. Nikakuta ukuta wa milisekunde 46. Nilikuwa nimeacha printf moja ndani ya ile kazi, amri ya kutuma maandishi kwenye kompyuta yangu kupitia waya, ya kujionyesha namba tu. Herufi 40, kila herufi biti 10, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: milisekunde 42 zimekwenda hapo. Ile asilimia 55 tuliihesabu bila printf.

Nikaitoa. Bado ikawa inachelewa, safari hii mara moja moja, na hilo ndilo lililotunyima usingizi siku tatu. Kihisi cha umeme na kioo vilikuwa vinatumia nyaya zilezile za I2C, nyaya mbili ambazo vifaa kadhaa huzungumzia kwa zamu, tukavilinda kwa semafori, alama ndani ya programu: kazi iliyoishika inatumia nyaya, nyingine inasubiri. Kazi ya chini inazishika nyaya kwa milisekunde chache, kazi ya juu inasubiri, mara ya kati inaamka, inamsukuma wa chini pembeni na kukaa milisekunde 25 ikisubiri mwangwi. Mkubwa anacheleweshwa na mtu wa katikati ambaye hata nyaya hazihitaji! Dawa ilikuwa kubadilisha mstari mmoja, kutoka semafori ya kawaida kwenda myuteksi, ndugu yake. Kwenye FreeRTOS myuteksi humpandisha aliyeshika kitu hadi daraja la anayekisubiri. Semafori haifanyi hivyo.

Mhadhiri alipoona picha zetu alisimamisha kipindi akatueleza habari ya Mars Pathfinder, chombo cha NASA. Julai 1997 chombo kile kilishatua Mars, kikawa kinajiwasha upya chenyewe, na chanzo kilikuwa hikihiki: kazi ndogo ya hali ya hewa imeshika kitu ambacho kazi kubwa inakitaka, za kati zinaingilia. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliliigiza tatizo kwenye nakala iliyobaki duniani, kisha wakatuma rekebisho la kuwasha urithi wa daraja, kule kupandishwa kulekule kwa myuteksi. Nilisisimka mwili. Kosa letu la kwenye simtanki lilishafika Mars.

Nadharia ya upangaji kazi ilifundishwa vizuri sana, na mhadhiri alijibu maswali hata baada ya saa za kazi. Ila usitegemee maabara ikupe mikono. Mkichangishana watu wawili mnapata bodi na lojiki analaiza ile ya bei rahisi, na hela ikitosha kimoja tu, nunueni bodi, analaiza mtaazima. Fanyeni hivyo kabla ya wiki ya pili, foleni haijaanza.