Matembezi ya Mji wa Kale, hawa vijana wamejipanga
Kama mna wageni wataka kuzunguka Mji wa Kale hapa Mombasa watafuteni hawa vijana wanaoanzia nje ya Fort Jesus. Bukingi ni kwa WhatsApp, bei waijua kabla hujafika, walipa kwa M-Pesa na mesegi yaingia papo hapo, hakuna kuvutana mlangoni. Maji wana dumu kubwa, wakujazia chupa yako mwenyewe, za plastiki hawauzi kabisa na hilo nimelipenda mno. Mwezi wa tano masika yakishika na watalii hakuna, wao wapeleka wanafunzi na familia za hapa hapa kwa bei nafuu, ndo maana hawafungi. Ila kwa Google Maps saa zao si sawa, warekebishe jamani, wateja wawapita hivi hivi.