Kusahihisha au Kubatilisha Makala ya Sayansi ya Dawa

Mhariri wa jarida la sayansi ya dawa akipata kasoro katika makala iliyokwisha kuchapishwa, huwa na njia kuu mbili. Masahihisho hufaa pale ambapo kosa, kama vile gramu kuandikwa mahali pa miligramu katika jedwali moja, haligusi hitimisho la utafiti. Kubatilisha ni hatua nzito zaidi: kwa mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1997, hufanyika matokeo yasipoaminika tena, iwe kwa udanganyifu au kwa kosa lisilokusudiwa (jambo ambalo waandishi wengi hulisahau), na kwa kawaida makala hubaki ikisomeka, ila ikiwa na alama ya kubatilishwa. Kwa maoni yangu, data za uthabiti wa dawa (yaani muda ambao dawa hudumu bila kuharibika) zikitiliwa shaka kwa ushahidi, masahihisho hayatoshi, hata waandishi wakiyaomba.