Uzoefu wangu wa kubadilisha pedi za breki za mbele za Toyota Vitz nyumbani

Pedi ninazozizungumzia hapa ni za kauri, zilizotengenezwa Japani, na nilizinunua katika duka la vipuri lililopo Gerezani, Kariakoo, kwa bei iliyozidi mara mbili ya zile ambazo gereji ilinifungia awali. Baada ya kuzitumia kwa miezi kadhaa katika foleni za Dar es Salaam, naona zinastahili bei hiyo: hazilii asubuhi, rimu hazijai vumbi jeusi, na pedali hujibu vilevile hata baada ya kufunga breki mfululizo. Boksi moja lina pedi nne, yaani za magurudumu yote mawili ya mbele, na ni lazima zibadilishwe zote kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Kufungua si kazi ngumu. Nati za gurudumu, ambazo ni za milimita 21, hulegezwa gari likiwa bado chini, kisha gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki peke yake haifai kuaminiwa hata kidogo. Boliti ya chini ya kalipa, yaani kibanio kinachozibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu, ikishatolewa, kalipa huinuliwa juu na pedi za zamani huchomolewa kwa mkono.

Nilipozilinganisha pedi za zamani, ile ya ndani ilikuwa imebakiwa na chini ya milimita 2, ilhali ya nje ilikuwa bado nene. Tofauti hiyo ilitokana na pini ambazo kalipa huteleza juu yake: grisi ilikuwa imekauka na pini moja imeanza kushika kutu, hivyo pistoni iliyo ndani ya kalipa ilikuwa ikiisukuma pedi ya ndani bila kalipa kusogea vya kutosha kuivuta ya nje. Fundi wa gereji aliyefunga pedi hizo hakuzigusa pini, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa za wenye magari wengi zinapopotea, kwa sababu pedi mpya, hata ziwe bora namna gani, zitaisha upesi vilevile. Nilizisafisha kwa brashi ya waya, nikazipaka grisi ya silikoni, ambayo haiharibu mipira ya pini kama grisi ya kawaida, na nikahakikisha kwamba zinateleza kwa kusukumwa na kidole.

Pistoni niliirudisha ndani taratibu kwa klampu, nikiwa nimefungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki na kuangalia yasifurike, maana mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ni lazima ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu; asiyefanya hivyo atakuta gari halina breki katika mkanyago wa kwanza. Kisha nilitafuta barabara tulivu, nikawa napunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 bila kusimama kabisa, nikiziacha breki zipoe kabla ya kurudia, ili pedi zikae vizuri kwenye diski.

Upungufu niliouona ni kwamba boksi halikuwa na vishikizi vipya vya chuma vinavyoshika ncha za pedi. Vya zamani vikiwa vimepinda au kuoza kwa kutu, pedi huchezacheza na kugonga, kwa hiyo mnunuzi aviulizie palepale dukani.