Tathmini: banda la Uswisi katika Expo 2000, Hannover

Kati ya mabanda ya muda ya mbao ninayoyafahamu, hakuna lililofikiriwa kwa ukamilifu kama lile la Uswisi katika maonyesho ya dunia ya mwaka 2000 mjini Hannover, Ujerumani. Mbunifu wake, Peter Zumthor, alijifunza useremala wa samani kabla ya usanifu majengo, na jambo hilo linaonekana katika kila kona. Kwa kuwa lilikwisha kubomolewa, ninalitathmini kupitia michoro, picha na maelezo ya kiufundi, nikitaka kujua lina faida gani kwa mtu aliyepewa uwanja wa wazi katikati ya mji kwa miezi michache tu.

Faida kubwa imo katika namna boriti zilivyoshikanishwa. Boriti za larchi na daglasi, miti ya jamii ya msonobari iliyovunwa Uswisi, zenye kipimo cha sentimita 20 kwa 10, zilipangwa moja juu ya nyingine hadi zikawa kuta ndefu, bila gundi, bila msumari na bila bolti. Kati ya safu na safu viliwekwa vibao vyembamba vya kupitisha hewa, kama wapasuaji wa mbao wa Mafinga wanavyopanga mbao mbichi ili zikauke. Kisha kila ukuta ulibanwa kutoka juu hadi chini kwa vyuma vyembamba vilivyovutwa na springi. Mbao zinapokauka husinyaa na ukuta hushuka kidogo kidogo, na chuma kisicho na springi kingelegea na kuacha boriti zikicheza. Springi huendelea kuvuta kadiri ukuta unavyoshuka. Kusinyaa, ambako mafundi wengi hukuona kuwa kasoro ya mbao mbichi, kuliingizwa katika hesabu tangu mwanzo. Maonyesho yalipofungwa mwishoni mwa Oktoba, kuta zilifunguliwa na boriti zikauzwa kama mbao zilizokwisha kukauka, zisizo na matundu ya misumari.

Banda halikuwa na milango. Mgeni aliingia kupitia upenyo wowote kati ya kuta, akapita katika vichochoro na nyua zilizo wazi kwa mvua na jua, huku wanamuziki wakipiga ala zao wakitembea miongoni mwa watu. Kwa uwanja wa mji, ambako watu hutoka pande zote na wengi hawana nia ya kutazama maonyesho yoyote, mpangilio huo unafaa kuliko banda lenye lango moja na foleni.

Yapo pia yasiyonipendeza. Mbao zilizotumika zilikuwa mita za ujazo 2,800, ambazo zikilazwa kwa mstari mmoja hufikia kilomita 144, na uzito wake unapita tani elfu moja. Hakuna halmashauri ninayoijua ambayo ingekubali mzigo huo juu ya mabomba ya maji na mifereji iliyo chini ya uwanja wake, kwa hiyo ni lazima kupunguza urefu na wingi wa kuta. Nafasi za hewa zinazokausha mbao huusaidia moto pia, na vichochoro vyembamba vingechelewesha watu kutoka, basi ningevipanua na kupiga marufuku majiko karibu. Katika miji yetu ya pwani ningeinua safu ya kwanza juu ya matofali ya zege kwa sababu ya mchwa.

Ningetafuta pia mnunuzi wa boriti kabla ya mti wa kwanza kupasuliwa. Boriti iliyonyooka yenye kipimo cha kawaida huuzika kwa mtu anayeezeka nyumba, ilhali kipande kilichochongwa kwa pembe ya pekee, hata kikipendeza namna gani uwanjani, huishia kuwa kuni.