Smith & Wesson 500 kwa pori la dubu: ununue au uiache?

Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu akiwa kaunta ya duka la silaha, hapa magharibi mwa Montana. "Shemeji, nimeishika ile 500. Nilipe?" Nikamwomba airudishe kabatini kwanza, anisubiri nitoke kazini. Jioni ile tulikaa ndani ya gari nje ya duka karibu saa nzima, na niliyomwambia ndiyo haya. Nayaandika kwa sababu hayuko peke yake. Ndugu zetu kadhaa waliohamia huku sasa wana leseni za kuwinda, mwezi wa nane wanapanda milimani kuchuma huckleberry (matunda madogo ya porini), na kila mmoja ana hofu ileile: kukutana na dubu ana kwa ana vichakani.

Smith & Wesson Model 500 si rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya kuvaa kiunoni kwa ajili ya dubu. Anayeingia pori la dubu achukue rivolva ya chuma inayopiga risasi za .44 Magnum, yenye mtutu wa inchi 4. Na kabla ya rivolva yoyote, anunue kopo la dawa ya pilipili.

Nianze na kopo, maana wengi wanalidharau. Mwaka 2008 watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio ya Alaska ambamo watu waliwapulizia dubu dawa hiyo. Kwa dubu wa kahawia, ilimkomesha mnyama katika asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 Smith na Herrero wakachambua matukio 269 ya silaha za moto, pia ya Alaska: bastola zilifaulu kwa asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Tafiti hizo hazikupima kitu kilekile, kwa kuwa ile ya kwanza ilihesabu pia dubu waliokuja kunusanusa tu. Lakini kuna jambo kwenye ile ya pili lililonikaa kichwani: waliofyatua silaha na waliokuwa nayo wasiitumie hawakutofautiana katika kuumia. Silaha haikuwa kinga kwa kuwa tu ipo kiunoni.

Kopo liwe la gramu 225 au zaidi, likae kifuani au kwenye mkanda, lisiwe ndani ya begi. Hurusha ukungu kiasi cha mita 7 hadi 9. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ujue kwamba halipandi ndege, hata kwenye mzigo wa chini.

Basi rivolva ya nini? Ya pale upepo unapovuma kukuelekea wewe, ya usiku ukiwa ndani ya hema, na zaidi ya yote ya pale unapopasua elk (kulungu mkubwa wa huku) uliyemwangusha. Harufu ya damu imeshatembea, umepiga magoti, mikono yako yote miwili iko ndani ya mnyama, na bunduki yako umeiegemeza kwenye mti hatua sita kutoka ulipo. Hapo ndipo silaha iliyofungwa mwilini ina maana. Grizzly, yaani dubu wa kahawia wa huku, hukimbia karibu kilomita 55 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Akitokea mita 30, una sekunde 2. Katika muda huo unachomoa, unaelekeza, unapiga moja, labda mbili. Kila rivolva ninayoitaja hapa naipima kwa sekunde hizo mbili.

Sasa 500 yenyewe. Ilitoka mwaka 2003, ikatengenezewa fremu mpya kubwa, na silinda yake inabeba risasi 5. Ile ya mtutu wa inchi 8 na zaidi kidogo ina uzito wa kama kilo 2, uzito wa pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili ukining'inia upande mmoja wa kiuno. Ile fupi ya inchi 4 ni kama kilo 1.6. Nguvu ya risasi yake ni zaidi ya mara mbili ya .44 Magnum ya kawaida, na nguvu hiyo hairudi kwa mtu mwingine, inarudi kwenye kiganja chako.

Niliipiga kwenye uwanja wa shabaha, silaha ya rafiki. Aliweka risasi moja tu kwenye silinda, nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba asiyeizoea, teke lake linamlegeza mkono, anapojaribu kuikamata upya kidole kinakandamiza kifyatulio tena bila yeye kujua, na risasi ya pili inatoka mtutu ukiwa umeelekea angani au nyuma kichwani kwake. Akanisogeza pia kidole gumba cha mkono wa kushoto, nilichokuwa nimekilaza mbele ya silinda kama nilivyozoea bastola za kawaida. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na gesi inayotoka hapo kwa kaliba (unene wa risasi) hizi kubwa inaweza kukata kidole. Nilipiga tano, moja moja. Ya kwanza mtutu ulipanda ukapita juu ya kofia yangu. Ilipofika ya tatu, ngozi kati ya gumba na shahada ilikuwa inawaka. Ya tano nilifumba macho kabla ya mlio, na kwenye karatasi iliyokuwa mita 10 sikuona tundu lake.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwili wa binadamu hujifunza kuogopa silaha inayouumiza, na hofu hiyo huivuta risasi chini kabla haijatoka. Dawa yake ni kupiga mara nyingi, ila nani atapiga mara nyingi kwa risasi ambazo moja mara nyingi ni dola 3 au zaidi? Nimeona watu wawili wenye 500 ambao boksi lao la kwanza la risasi 20 bado halijaisha tangu wanunue.

Ina mahali pake, na pale inastahili sifa zote. Kama unataka kuwinda elk kwa bastola, ukiwa umeifunga darubini, umekaa, umeegemeza mikono kwenye vijiti, mnyama hana habari nawe, nunua ile ya mtutu mrefu kwa moyo mweupe. Au angalia ndugu yake, 460 ya mwaka 2005, ambayo risasi yake husafiri kwa mnyooko zaidi na ambayo hukubali pia risasi za .454 Casull na .45 Colt. Hiyo ni kazi nyingine, haina sekunde mbili.

Kwa kiuno, naipa nafasi ya kwanza Smith & Wesson 629 ya inchi 4. Ni Model 29 ileile iliyoletwa na .44 Magnum katikati ya miaka ya 1950, ila kwa chuma kisichoshika kutu. Risasi 6, uzito kama kilo 1.2. Kifyatulio chake ni laini, unavuta moja kwa moja bila kukoki nyundo (kuivuta nyuma kwa kidole), na kwa mkono ulioganda kwa baridi ya Novemba hilo ni jambo kubwa. Na kuna siri inayoipandisha sana .44 kwa mtu wa kawaida: silinda yake inakubali .44 Special, risasi fupi, pole, ambayo hata mtu asiyewahi kushika bastola ataipiga bila kushtuka. Unajifunzia hiyo miezi mitatu, halafu unapanda taratibu.

Ruger Redhawk ya inchi 4.2 iko karibu nayo sana. Ni nzito kidogo, kama kilo 1.3, na imetengenezwa kwa chuma kingi zaidi palipo na presha. Kwa mwenye viganja vikubwa, au anayetaka kupiga risasi nzito kupita kiasi miaka yote, ningeiweka ya kwanza. Kifyatulio chake kinagoma zaidi. Kivute kwanza dukani, uombe ruhusa ya muuzaji, ndipo uamue.

Ya tatu ni Ruger Super Blackhawk, iliyoanza 1959. Ndiyo nafuu kuliko zote hapa, kwa kawaida unaipata chini ya dola 1,000, ilhali zile mbili za juu hupita hapo. Ngumu kama shoka. Lakini kila risasi lazima ukoki nyundo kwa kidole gumba, na zile sekunde mbili hazina nafasi hiyo. Kwa kuwinda kulungu, sawa kabisa. Ukikutana na ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya 1973, usiitembeze na risasi chini ya nyundo: ikianguka inaweza kufyatuka yenyewe. Ruger wenyewe hubadilisha mtambo huo bila malipo ukiwapelekea.

Super Redhawk Alaskan ya .454 Casull nimeiweka ya nne, ingawa jina lake linauza sana. Mtutu ni inchi 2.5 tu. Inakaa vizuri kifuani na kwa .45 Colt ni rafiki, lakini ukiweka .454 yenyewe mlio na moto wake mbele ya macho ni wa kutisha, na ya pili utachelewa kuilenga. Kwa mvuvi wa Alaska aliyeizoea, naiheshimu. Kwa anayeanza, hapana.

Ya tano ni 329PD, .44 ya madini mepesi, gramu 700 na kitu. Dukani utaipenda kuliko zote, mkono unaona kama imeumbwa kwa ajili ya kutembea. Kisha unaipiga. Wepesi ule unageuka adhabu, na kuna hatari ambayo muuzaji hataitaja: teke ni kali kiasi kwamba risasi zilizobaki kwenye silinda huanza kuchomoka kwenye maganda yake, zikachungulia mbele, silinda ikagoma kuzunguka. Mwenye nayo ajaze sita, apige tano, aitoe ya sita ailinganishe na risasi mpya. Kama imerefuka, aina hiyo ya risasi asiitumie.

500 ni ya mwisho.

Kuhusu risasi za dubu, usichukue zile zenye shimo kichwani zinazochanuka. Zitaishia kwenye mafuta na msuli. Chukua zenye kichwa bapa cha madini ya risasi magumu yaliyosubuliwa, au za shaba tupu. Kwa .44, uzito wa gramu 15 hadi 20 unatosha. Na uwanjani vaa miwani na vifunika masikio, tena vya aina mbili kwa pamoja, vya ndani na vya juu. Mlio wa .44 hupita desibeli 160 na sikio lililokufa halirudi.

Kwa upande wa sheria, nasisitiza mambo machache yanayotuhusu sisi wahamiaji. Ili duka lenye leseni likuuzie bastola lazima uwe na miaka 21, ujaze fomu 4473 (fomu ya shirikisho ya kununua silaha), na majina yako yapitie ukaguzi wa FBI. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Aliye kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Fomu inauliza kuhusu bangi, na jibu ni kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo limeiruhusu. Inauliza pia kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Binamu akikupa pesa zake umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye atakataliwa, mkatalie, hata akikuita mtu asiye na utu. Ni jela, na kwa asiye raia ni hatari ya kufukuzwa nchini pia. Usijaribu kuendesha gari kwenda Alaska kupitia Kanada ukiwa nayo. Na ukimuua grizzly kwa kujiokoa, toa taarifa mara moja. Huku ni mnyama aliyelindwa tangu 1975, na Alaska utatakiwa kukabidhi ngozi na fuvu.

Nyumbani, ile rivolva ikae ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, risasi mahali pengine. Nyumba zetu huingia watoto wa ndugu na wa jirani bila hodi, na mtoto anajua kila mahali mkubwa anapoficha vitu.

Ukinunua iliyotumika, kwanza hakikisha silinda ni tupu, wewe mwenyewe kwa macho. Ikoki polepole, kisha jaribu kuitikisa silinda kwa vidole: isogee kidogo mno au isisogee. Inyanyue kwenye mwanga uangalie mwanya kati ya silinda na mtutu. Ukiona umezidi robo milimita, iache. Mchirizi mwembamba uliochomwa na gesi juu ya mwanya huo ni wa kawaida, shimo si la kawaida. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kuna mtu aliyeifungua asiyejua anachofanya.

Shemeji alipata 629 iliyotumika, safi, kwenye duka la pili tulilokwenda. Pesa zilizobaki alinunua makopo mawili ya pilipili, ala ya kifuani na boksi tatu za .44 Special. Jumamosi iliyopita alipanga makopo sita ya maharage matupu mita 7 mbele yake, akapiga taratibu, akaangusha manne. Risasi nzito bado hajaanza.