TAHADHARI: Transmita za presha na sensa za joto zilizobandikwa lebo za uongo, mafundi wa vyumba baridi na mitambo ya barafu someni

Habari zenu wakuu, hasa mafundi wa mitambo ya ubaridi na wamiliki wa vyumba baridi, mitambo ya barafu na viwanda vya samaki, kuanzia Tanga na Zanzibar mpaka Dar na Mtwara. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi akiuza transmita za presha (vifaa vinavyopima presha na kuituma kwa umeme kwenye kontrola inayoendesha mtambo) na sensa za joto anazoziita "orijino kutoka Ulaya". Si orijino. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kilichoandikwa kwenye lebo sicho kilichomo ndani. Mzigo wake umeshavuka mpaka Mombasa, kwa hiyo wenzetu wa Kenya nanyi mkae macho.

Jina silitaji. Majina na namba za simu anabadilisha kila mara, ukikariri la leo kesho atakuja na lingine. Mzigo ndio haubadiliki, na namna anavyouuza haibadiliki, basi nitaeleza hivyo viwili.

Nilikutana na vitu vyake kwa mteja mwenye chumba cha kugandishia samaki. Alinipigia akiwa ameshapewa bei ya kompresa mpya. Shida yake ilikuwa hivi: usiku mtambo unafanya kazi vizuri, ikifika saa tano sita mchana unajizima wenyewe, ukiuwasha unakwenda kidogo unazima tena. Fundi aliyetangulia akasema kompresa imechoka. Mtambo unatumia gesi ya R404A, na feni za kondensa, pale gesi inapopoozwa na hewa ya nje mpaka ikageuka maji, zinaendeshwa na kontrola kwa kufuata presha: presha ikipanda zinawaka, ikishuka zinazimwa.

Nilipofika, kioo cha kontrola kilikuwa kinaonyesha bar 12.5 upande wa presha kubwa, na feni zote zimesimama. Hapo tu ilitosha kushtuka. Bar 12.5 kwenye geji, kwa R404A, maana yake gesi inageuka maji kwenye joto la nyuzi 28 hivi. Nje ilikuwa nyuzi 33. Kondensa haiwezi kuwa ya baridi kuliko hewa inayoipoza, joto haliwezi kutoka kwenye kitu cha nyuzi 28 likaingia kwenye hewa ya nyuzi 33. Kwa hali ya Dar, kondensa ya hewa inakuwa juu ya hewa ya nje kwa nyuzi 10 mpaka 15. Nikafunga geji zangu, zikasoma bar 20.

Hesabu yake ni hii. Kontrola imepangwa kwamba transmita ni ya bar 0 hadi 25, kama lebo ilivyosema, inayotoa umeme wa 4 hadi 20 mA: 4 ni mwanzo wa kipimo chake, 20 ni mwisho, 12 ni katikati. Ile ya kwenye bomba kwa kweli ni ya bar 0 hadi 40. Kwenye bar 20, ya 40 inatoa 12 mA. Kontrola ikipokea 12 mA inajua ni nusu ya 25, ndiyo 12.5. Kwa hiyo inaona presha iko chini, inazima feni, presha inazidi kupanda, mpaka swichi ya presha ya kimekanika inakata umeme. Kompresa ilikuwa nzima kabisa. Bila ile swichi ya kimekanika tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Nilipochukua kitambaa chenye thina na kusugua lebo, ilitoka yote, chini yake kuna chapa nyingine hafifu ya 0-40. Inaelekea anapata mzigo mkubwa wa transmita za matumizi mengine, kisha anabandika lebo yoyote ambayo mteja ameiomba. Ukitaka 0-25 unapewa, ukitaka 0-16 unapewa, ukitaka ya kuanzia -1 kwa upande wa presha ndogo anayo pia, na zote ni kitu kimoja.

Sasa angalieni anavyokushawishi. Atakwambia, "Kaka, tupime hapahapa." Anaunganisha umeme, anaweka mita, inasoma 4 mA barabara. Unaona nzima, unalipa. Lakini transmita iliyo wazi hewani, iwe ya 0-10, 0-25 au 0-40, zote zinasoma 4 mA, kwa sababu zote ziko kwenye sifuri. Kipimo hicho hakithibitishi kitu zaidi ya kwamba ina uhai. Tena lile la kuanzia -1 ndilo linalomuumbua. Transmita ya -1 hadi 12 ikiwa wazi hewani inatakiwa itoe takriban 5.2 mA. Ikisoma 4.0 juu ya meza yake, mrudishie.

Kupima kweli kunahitaji presha. Chukua mtungi wa nitrojeni wenye regyuleta, weka bar 10. Ya 0-25 itatoa 10.4 mA, ya 0-30 itatoa 9.33, ya 0-40 itatoa 8. Hapo hakuna ubishi. Nitrojeni tu, wakuu. Nimeona mtu akitaka kutumia oksijeni ya kuchomelea kwa sababu ndiyo iliyopo: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Kama huna nitrojeni na transmita iko tayari kwenye mtambo, kuna njia ya bure. Zima mtambo huku valvu ya solenoidi (ile ya umeme inayozuia gesi isipite) imefungwa, acha kondensa itulie mpaka ilingane na hewa, bora alfajiri kabla jua halijaipiga. Gesi iliyotulia presha yake inafuata joto lake. Hewa ikiwa nyuzi 30, R404A inatakiwa iwe karibu na bar 13 kwenye geji, R134a bar 6.7, amonia bar 10.7. Ile ya mteja wangu kwa kipimo hiki ingeonyesha bar 8 na kidogo, yaani kana kwamba Dar kuna nyuzi 14.

Upande wa sensa za joto uongo wake ni wa aina nyingine, na kwa wenye samaki huu ndio unaoniogopesha. Anauza Pt100, sensa inayopima joto kwa upinzani wa umeme, "daraja A", waya tatu, kichwa cha stenlesi. Kichwa ni cha bati lililong'arishwa, na pale waya inapoingia hakuna muhuri, kuna gundi tu. Chumba cha kugandisha kinayeyushwa barafu kila siku: maji yanaingia pale, yanaganda, yanatanuka, yanapanua ufa, kesho yanaingia mengi zaidi. Maji yakifika ndani umeme unapata njia ya pembeni na upinzani unaosomeka unapungua. Kwa Pt100, upinzani mdogo maana yake baridi zaidi. Kwa hiyo kioo kinasema -18, chumba kiko -14, kompresa inapumzika na wewe unalala. Kwenye sensa za NTC mambo yanageuka: upinzani ukipungua inasoma joto zaidi, kompresa haizimi, unapigwa na bili ya umeme. Hiyo angalau utaistukia. Ya Pt100 inakaa kimya mpaka mnunuzi afungue katoni. Na mwenye jodari akumbuke kwamba samaki wa jamii hiyo wakipata joto wanazalisha histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa upya.

Kipimo chake ni cha jikoni. Barafu iliyopondwa, maji safi kidogo ya kujaza nafasi, koroga, tumbukiza sensa, subiri itulie. Pt100 lazima isome ohm 100, Pt1000 isome 1000, ukishaondoa upinzani wa waya za mita yako. Kila nyuzi moja ni ohm 0.385 kwa Pt100, kwa hiyo ikisoma 101.2 tayari ina kosa la nyuzi tatu. Daraja B, ambalo ni la kawaida kabisa, linaruhusu kosa la nyuzi 0.3 tu kwenye barafu. Za huyu bwana nilizopima zilikosea kwa nyuzi nzima na zaidi, kila moja na kosa lake. Msitumie maji yanayochemka kama uko bara: Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Nairobi 94, utaikataa sensa nzima bure. Halafu iache ndani ya maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi pima kati ya waya na ganda la chuma kwa kipimo cha juu cha ohm. Mita isionyeshe kitu. Ikionyesha namba yoyote, maji yameshaingia.

Hiyo waya ya tatu nayo ikagueni. Kazi yake ni kufuta upinzani wa kebo, maana kebo ya shaba ya milimita 0.5 za mraba yenye urefu wa mita 20 inaongeza ohm 1.4 kwenda na kurudi, sawa na nyuzi tatu na nusu za uongo. Waya mbili za rangi moja zikipimwa zenyewe kwa zenyewe zisome karibu na sifuri. Za huyu, baadhi waya ya tatu haijaungwa popote, ipo kwa ajili ya kupendeza macho.

Wenye mitambo ya amonia hapa msome mara mbili. Shaba ya aina yoyote haitakiwi kugusa amonia, inaliwa na kupasuka. Huyu anauza transmita za "stenlesi 316" ambazo shingo yake ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Sumaku haikusaidii, kwa kuwa shaba haishikwi na sumaku na stenlesi nzuri nayo haishikwi. Piga tupa kidogo kwenye uzi wa skrubu: ukiona unjano, kimbia. Hii si hasara ya hela tena, ni mvujo wa amonia na watu wamo ndani.

Mtu ataniambia rahisi ni ghali. Msemo huo hapa haufai, kwa sababu huyu hauzi rahisi. Anashuka kidogo tu chini ya bei ya wakala halali, ili uone ni punguzo na si wizi. Cheti cha upimaji anacho, kizuri, kina muhuri. Ila linganisheni namba ya seriali: kwa mteja wangu transmita zote za mtambo mmoja zilikuwa na seriali ileile, na cheti kimoja kwa zote. Msimbo wa QR kwenye boksi ukiuskani unafungua picha ya katalogi, basi. Malipo anataka yaingie kwenye namba ya mtu binafsi kabla ya mzigo kupandishwa basi, si lipa namba ya biashara. Risiti ya EFD ataahidi kesho. Na sharti lake ni kwamba ukishafunga hakuna kurudisha, wakati anajua kasoro haionekani mpaka ufunge.

Mkienda kununua kwingine, msinakili katalogi za nchi za baridi. Kule mtu anapanga kwa hewa ya baridi kuliko yetu. Sisi R404A mchana inafika karibu bar 22, kwa hiyo 0-25 hata ikiwa halali inakuachia nafasi finyu, chukua 0-30 au zaidi. Amonia ikigeuka maji kwenye nyuzi 40 iko bar 14.5, basi 0-16 haitoshi, nenda 0-25. Kwa bomba la kurudisha gesi lenye baridi, chukua transmita iliyozibwa kabisa, isiyo na tundu la kupumulia: hewa yetu ya pwani ina unyevu, ikiingia kwenye mwili wa baridi inageuka maji juu ya saketi. Kinga iwe ya IP67 (haiingizi vumbi wala maji), kebo iachwe ining'inie kwa chini kabla ya kuingia kwenye transmita ili maji yadondoke badala ya kuifuata waya, na stenlesi iwe 316, maana chumvi ya bahari inaitoboa 304. Ulizeni pia kiwango cha joto ambacho usahihi umehakikishwa, si kile ambacho kifaa "kinavumilia". Juu ya paa kwenye jua hivyo viwili vinatofautiana sana.

Kama umeshanunua kwake, usikimbilie kubadilisha namba kwenye kontrola iwe 0-40 ukaona umemaliza. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo. Kioo kitasoma sawa kwa sasa, lakini hujui kitu hicho kimetengenezwa kwa ajili gani wala kitadumu vipi kwenye mtetemo wa kompresa. Kitumie kwa muda, na hakikisha swichi ya presha ya kimekanika ipo, imeunganishwa moja kwa moja kwenye saketi ya kompresa, na umeijaribu inakata kweli.

Bidhaa bandia kwa Tanzania zinapelekwa Tume ya Ushindani (FCC), za ubora TBS. Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia na KEBS. Namba iliyokutapeli kwa ujumbe wa simu, kwa Tanzania, tuma 15040. Hifadhini ujumbe wa malipo, boksi, na lebo yenyewe kabla hamjaisugua yote: sugueni kona tu, mpige picha.

Na mwenye transmita za mzigo huu aweke hapa chini picha ya lebo, seriali ionekane, namba ya simu ya mtu afiche. Nataka tuone kama seriali ya Tanga ndiyo hiyohiyo ya Dar na Mombasa, kwa sababu ikiwa hivyo malalamiko yetu tutayapeleka pamoja.