Dodoma mpaka Iringa peke yangu: inafaa au haifai?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo sijawaletea simu wala blenda. Nachambua safari: siku nne, mtu mmoja, begi moja la mgongoni, Dodoma mpaka Iringa. Wengi mmekuwa mkiniuliza, dada, mtu akiwa peke yake atakula wapi asijisikie mpweke? Nina jibu: benchi la mama lishe.

Tuanzie Dodoma. Kwa mnaotoka Dar, treni ya SGR imerahisisha mambo sana. Ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Usiku wa kwanza nilikula hotelini, kwenye meza ya watu wanne, na mhudumu akaniuliza mara mbili kama nasubiri wenzangu. Chakula kilikuwa kizuri lakini kilinipita bila ladha.

Kesho yake nikaenda Soko la Majengo. Pale kwa mama lishe hakuna meza ya watu wanne, kuna benchi, na ukifika watu wanasogea. Nikamwamkia mzee mmoja "mbukwenyi", Kigogo changu chote kikaishia hapo, akacheka kwa furaha akanisogezea maji ya kunawa. Nikaagiza ugali wa uwele na mlenda. Sikilizeni, huu siyo mlenda wa kubahatisha. Majani yamekaushwa, yakatwangwa, yakapikwa kwa magadi na karanga, rangi yake kijani iliyokolea, na karanga unazisikia mwisho kabisa, ukishameza. Mimi nilikuwa nachota, uzi unanifuata mpaka kidevuni. Mzee akaniambia, "Zungusha mkono, mwanangu." Unamega tonge, unalibonyeza kwa dole gumba, unachota, kisha unazungusha kiganja mara moja, uzi unakatika. Hotelini nani angenifundisha hivyo?

Asubuhi ya kuondoka nikanunua zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Agosti huwa ziko sokoni. Msiziweke kwenye begi, zitapondeka; nilizipakata.

Njia ya kwenda Iringa ni kama kilomita 260, lami. Pandeni basi la asubuhi, hasa akina dada, mfike jua likiwa bado juu. Basi likisimama watu wachimbe dawa, mwombe jirani yako wa kiti akuangalizie mzigo. Wangu alikuwa mama mmoja wa makamo. Nilimkaribisha zabibu, na tulipofika Mtera, kwenye lile bwawa la Mto Ruaha Mkuu, alinunua samaki wa kukaanga dirishani akanikatia kipande kabla sijatoa hela. Kikavu, chumvi ya kutosha, ngozi inavunjika kama kashata. Baada ya hapo mnapanda Mlima Nyang'oro, na hapo ndipo unaanza kutafuta sweta.

Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jina lenyewe limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome, na mji huu unatembeleka kwa miguu. Asubuhi supu na chapati, halafu Makumbusho ya Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Jioni jiwe la Gangilonga, unauona mji wote chini yako. Salamu ya huku ni "kamwene", itumieni. Na mkipita Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono cha watu wenye ulemavu, mgahawa wao una wahudumu viziwi. Niliagiza kwa ishara na karatasi, na nikawa na mazungumzo marefu kuliko nilivyotarajia.

Ila msiondoke bila kwenda Kalenga, nje kidogo ya mji. Ndiyo ilikuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye jeshi lake liliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na liko pale, ndani ya kioo. Nilisimama mbele yake peke yangu, nikanyamaza. Kwa dakika zile nilifurahi kwamba sikuwa na mtu wa kuniambia twende.

Kasoro zipo. Nyumba ya wageni niliyolala Iringa waliniahidi maji ya moto, usiku yakatoka ya baridi kama barafu; fungueni bomba kabla ya kulipa. Wa bodaboda wa Kalenga mpatane bei ya kwenda na kurudi, na akusubiri. Na wapenzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Agosti siyo msimu wake, huo ni wa kipindi cha mvua.

Kwa hiyo, inafaa? Kwa mtu anayependa kula na kusikiliza, naipa tisa kwa kumi. Kama wewe unataka chumba chenye kila kitu na chakula uletewe mlangoni, hela yako ipeleke kwingine. Mimi narudi mwezi wa tatu, na safari hii nashukia Mtera kwanza, nile samaki wangu nimekaa.